Kufundisha Asili ya Neno: Mfano wa "Orientalist"

Wanafunzi wa sekondari wanapokutana na neno la Kiingereza "Orientalist", aghalabu hupewa maana yake tu: mtaalamu wa lugha na tamaduni za nchi za Mashariki. Huandika, hukariri, kisha husahau. Katika makala haya tunapendekeza njia nyingine, yaani kulifungua neno lenyewe mbele ya darasa.

Kwanza, mwalimu aligawe neno ubaoni. Kiishio "-ist", chenye asili ya Kigiriki, humtaja mtu ashughulikaye na jambo fulani, kama "mwana-" katika "mwanasiasa". "Orient" latokana na neno la Kilatini "oriens", yaani linalochomoza, kwa maana ya jua.

Pili, awaulize wanafunzi asili ya neno "mashariki". Nalo limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana iyo hiyo ya kuchomoza kwa jua. Kutokana na mzizi huo Waarabu wameunda "mustashriq", jina wamwitalo Orientalist. Kiswahili nacho kina "macheo" na "machweo". Hapo mwanafunzi hutambua kwamba lugha mbalimbali zimetazama jua lile lile.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito: je, ni mashariki ya nani? Misri, ambayo wataalamu wa Ulaya waliihesabu katika nchi za Mashariki, iko kaskazini kwetu. Basi neno hili halitaji mahali tu, bali ladhihirisha pia aliposimama msemaji. Wataalamu wenyewe waliliona tatizo hilo. Kongamano lao la kimataifa, lililoanza Paris mwaka 1873, liliamua mjini humo humo mwaka 1973 kuliacha jina hilo. Mwaka 1978 Edward Said akatoa kitabu "Orientalism", akieleza jinsi elimu hiyo ilivyofungamana na utawala wa kikoloni.

Yafaa tutahadhari: kipindi kisigeuke orodha ya mizizi ya Kilatini. Neno moja kwa kipindi latosha. Kwa zoezi la nyumbani, wanafunzi wajadili jina "Mashariki ya Kati": kati ya wapi na wapi, na kwa macho ya nani?

Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo hatakubali majina aliyopewa na wengine, hata yale ya nchi yake mwenyewe, pasipo kuyapima. Hilo ndilo lengo la somo.