Rangi itoke, treni ibaki!

Leo naongea na nyie mnaopenda treni ndogo za plastiki, zile za kipimo cha 1 kwa 87. Ukipata ya zamani, mara nyingi rangi imebabuka au mtu kaipaka ovyo. Ukipaka nyingine juu yake, inakuwa nene hadi michoro midogo ya bodi inapotea. Lazima ya zamani itoke kwanza.

Tatizo, wengi wanakimbilia thina au dawa ya kutolea rangi ya kucha. Acha kabisa! Dawa hiyo mara nyingi ina asetoni, na bodi nyingi ni za polistirini: zinayeyuka. Na spea utapata wapi? Kampuni ya Lima ya Italia, kwa mfano, ilifunga kazi mwaka 2004.

Mimi natumia spiriti ya isopropili, ya asilimia 90 kwenda juu. Kwanza ng'oa mota, magurudumu na vioo. Maandishi yapige picha, maana nayo yanatoka. Jaribu tone moja ndani ya bodi. Plastiki ikianza kunata, acha. Ikiwa poa, loweka kwenye chombo chenye kifuniko, uchungulie kila dakika 15. Rangi ikilegea, sugua taratibu kwa mswaki laini, kisha osha kwa maji na sabuni.

Vaa glavu, fungua madirisha, sigara iwe mbali: spiriti inashika moto upesi. Rangi ikigoma, loweka tena. Kisu usiguse, ndugu yangu; mkwaruzo hauna dawa!