Deni la Ushuru la Mzazi: Isomeni Barua Kabla ya Kuuza Shamba (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulitazama jinsi mapato ya nyumba za kupangisha yanavyotozwa ushuru nchini Kenya. Leo tunamgeukia mzazi mzee aliyeletewa dai la Mamlaka ya Ushuru, KRA, la pesa asizokuwa nazo, pamoja na mwana anayepigiwa simu usiku na kuambiwa, "Mwanangu, nimeandikiwa laki nne. Nitazitoa wapi?"

Katika familia nyingi, kinachofuata ni kikao: nani achange kiasi gani, na kipande kipi cha shamba kiuzwe. Naomba sana kikao hicho kiahirishwe. Tarakimu iliyo kwenye barua ni jumla ya mambo kadhaa, na kila moja lina dawa yake. Kuna ushuru wenyewe, kuna faini, kuna riba. Tena mara nyingi kuna makadirio, yaani kiasi ambacho KRA imekisia kwa sababu mzee hakuwasilisha ritani. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inaipa ruhusa ya kukisia kwa taarifa ilizo nazo, na taarifa hizo hazijui kwamba vyumba viwili vya kupangisha vilikaa mwaka mzima bila mpangaji.

Basi kazi ya kwanza ni kuifungua akaunti yake ya iTax na kuisoma leja mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo wengi hukwama. PIN ya mama ilifunguliwa saiba, na kijana wa saiba akaweka baruapepe yake mwenyewe. Notisi zote zimekuwa zikienda kwa mtu ambaye mama hamkumbuki hata jina. Mpelekeni mama mwenyewe, na kitambulisho chake, katika ofisi ya KRA au Huduma Centre, mawasiliano yabadilishwe yawe yake au ya mwana anayemwamini.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 74 mwenye vyumba sita, kila kimoja kikimwingizia Sh3,500. Kwa mwezi anapata Sh21,000, kwa mwaka Sh252,000. Ushuru wa kodi ya nyumba unaolipwa kila mwezi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, humhusu anayepata zaidi ya Sh288,000 kwa mwaka. Mama huyu hajafika hapo. Mapato yake yanaingia kwenye ushuru wa kawaida wa mapato, ambao daraja lake la kwanza ni asilimia 10, sawa na Sh25,200. Lakini kila mkazi ana nafuu ya Sh28,800 kwa mwaka. Kwa hiyo, kama hana mapato mengine yanayotozwa, hadaiwi hata shilingi ya ushuru. Pensheni haimharibii hesabu, maana ya aliyetimiza miaka 65 haitozwi.

Kosa lake ni kutowasilisha ritani kila mwaka kabla ya Juni 30 kuisha. Faini ya kosa hilo kwa mtu binafsi ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, yoyote iliyo kubwa. Ritani nne zilizosahaulika kwa mtu asiyedaiwa ushuru ni Sh8,000. Hizo ni pesa za kutafuta, lakini si pesa za kumfanya mtu auze shamba la marehemu mumewe.

Ushahidi wa hesabu hiyo uko nyumbani: daftari la kodi analoliweka kabatini, taarifa za M-Pesa, vitabu vya risiti. Kaeni naye mezani, mwulizeni mwaka kwa mwaka. "Mama, chumba cha mwisho kilikaa wazi tangu lini?" Wazee wengi huwakumbuka wapangaji wao kuliko tunavyodhani, na mzee anayeulizwa hivyo huona kwamba bado ni mwenye mali, wala hajageuzwa mzigo wa watoto.

Fanyeni hayo kwa haraka, maana pingamizi dhidi ya makadirio lina siku 30 tu tangu kupokea notisi. Liandikwe kwa sababu bayana, liambatane na nyaraka, na ile sehemu ya ushuru isiyobishaniwa iwe imelipwa au imepangiwa malipo. Siku zikiwa zimepita, sheria inaruhusu kuomba muda wa ziada, na ugonjwa umetajwa ndani yake kama sababu halali. Kama mzee alilazwa, msitupe karatasi za hospitali. KRA nayo ina siku 60 za kutoa uamuzi. Isipoutoa, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho deni la kweli. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi na haiwezi kuuzidi ushuru wenyewe, kwa hiyo leja ikionyesha imeuzidi, ulizeni kwa maandishi. Halafu ombeni kulipa kwa awamu. Hapa nawasihi watoto wasiahidi kwa hisia. Awamu moja ikikosekana, salio lote hudaiwa papo hapo, na riba huwa haikusimama hata wakati wa kulipa. Ahidini kile ambacho kodi ya vyumba inaweza kukitoa hata mwezi ambao wapangaji wawili wamechelewa. Deni likinyamaziwa, KRA inaweza kuiagiza benki ya mzee, au hata wapangaji wake, wailipe yenyewe moja kwa moja, na inaweza kumwarifu msajili wa ardhi ili ardhi yake izuiliwe kama dhamana.

Kuhusu misamaha: ule ninaouzungumzia hapa uliondoa riba na faini za hadi Desemba 31, 2023 kwa aliyemaliza kulipa ushuru wenyewe kufikia Juni 30, 2025. Anayekaa kungoja mwingine anangoja kitu ambacho hakuna aliyemwahidi.

Pingamizi likikataliwa, mlango unaofuata ni jopo la rufaa za ushuru, nalo pia lina siku zake 30. Hilo tutalieleza wiki ijayo.