Daktari Mtarajiwa, Funga Daftari Ujiulize

Kila mwaka vijana waliofaulu fizikia, kemia na baiolojia (PCB) kidato cha sita hutoka wilaya za Simiyu za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega kwenda kusomea udaktari. Wapo wanaokwenda jirani tu, Bugando jijini Mwanza. Wengine huvuka nchi hadi Muhimbili au KCMC Moshi. Mbele yao kuna miaka 5 ya masomo na mwaka 1 wa mafunzo kazini. Mwaka unaotisha zaidi ni ule wa kwanza: anatomia, fiziolojia na baiokemia kwa mpigo. Mifupa ya mtu mzima pekee ni 206, na kila mmoja una majina ya sehemu zake.

Wengi hufika na mbinu iliyowavusha sekondari, kusoma notisi tena na tena hadi zikae kichwani. Mtihani wa marudio (sapu) ukitokea, hujilaumu kwamba hawakupiga msuli vya kutosha. Mara nyingi msuli waliupiga sana. Tatizo ni namna walivyoupiga.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza huvuja ndani ya saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwagawa wanafunzi katika makundi. Kundi moja lilisoma habari fulani kwa vipindi 4. Jingine liliisoma kwa kipindi 1, kisha likajaribu mara 3 kuandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61.

Sababu ni kwamba kurudia kusoma hulifanya jambo lionekane la kawaida, nasi tukadhani tunalijua. Kulitafuta jambo kichwani bila msaada ni kazi nyingine. Kila ubongo unapohangaika na kulipata, njia ya kulifikia huimarika.

Chukua kichocho cha kibofu, ugonjwa unaojulikana vizuri Simiyu, kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Soma mzunguko wake mara moja, funga kitabu, chukua karatasi tupu. Mayai hutoka na mkojo. Yakifika majini huanguliwa, na kiluwiluwi humwingia konokono. Humo huzaliana, kisha hutoka viluwiluwi wengine wanaopenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Wakiingia kwenye damu hupita mapafu na ini, hukomaa, na hatimaye dume na jike hukaa kwenye vena zinazozunguka kibofu. Ulipokwama, weka alama ya kuuliza. Hapo ndipo pa kufungua kitabu. Sasa vena za kibofu ulizofundishwa kwenye anatomia zimepata maana: ndizo zinazoeleza kwa nini mtoto anakojoa damu.

Rudia zoezi hilo kesho yake, kisha baada ya siku 3, wiki moja, wiki mbili. Kwenye diskasheni msisomeane desa. Mmoja aeleze bila karatasi, wengine wambane kwa maswali. Aeleze pia kwa Kiswahili chepesi ambacho mama wa Itilima angekielewa, maana masomo ni ya Kiingereza lakini wagonjwa wako si wa Kiingereza. Na ulale: ubongo huimarisha kumbukumbu usingizini, hivyo anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anajipunja mwenyewe.

Usingoje chuo kifunguliwe. Leo jioni chukua karatasi, chora moyo kwa kumbukumbu tu, ufuate damu tangu inapoingia kutoka vena kava hadi inapotoka kwenye aota. Kisha fungua kitabu cha kidato cha sita ujisahihishe. Ukifika anatomia, zoezi hili litakuwa tayari ni mazoea yako.