Kweli au Si Kweli: Misitu ya Kagera kwa Anayetaka Kuitembea kwa Miguu

Muulize Mtanzania yeyote msitu mzuri wa kutembea kwa miguu, atakutajia Kilimanjaro, Meru, Usambara au Udzungwa. Watu wa Bukoba na Muleba nao hawana tofauti. Wengi wao wamefika Arusha kabla ya kufika Minziro, msitu ulio ng'ambo ya daraja la Kyaka, mpakani na Uganda. Kwa hiyo mengi yanayosemwa kuhusu misitu ya Kagera yameazimwa kutoka milimani, ilhali misitu hii ni ya ukanda wa Ziwa Victoria. Hapa nimeyachukua yale yanayorudiwa sana vijiweni na kwenye mabasi, niyapime.

"Kagera haina msitu wa asili wa maana. Yote ni misonobari ya kupandwa."

Si kweli, ingawa naelewa linakotoka. Ukisafiri kutoka Bukoba kwenda Muleba, miti mingi inayosimama kwa mistari kwenye rweya, yaani nyika ya majani, ni misonobari na mikaratusi. Ule wa kwanza asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, wa pili Australia. Msafiri anayetazama dirishani hana sababu ya kuwaza vingine.

Sasa geuza uelekeo, nenda kaskazini, vuka mto Kagera, pita Bunazi. Huko kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Minziro, hekta zipatazo 25,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Leo ni Wilaya ya Missenyi, lakini wazee wanaoijua tangu zamani bado wataihesabu Bukoba, kwa kuwa Missenyi ilimegwa huko. Msitu hauishii mpakani. Wakoloni walichora mstari ulionyooka kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na miti ikaendelea kama kawaida hadi Malabigambo na Sango Bay upande wa Uganda.

Kinachoufanya Minziro uwe wa pekee ni ukoo wake. Huu ni ukingo wa mashariki wa misitu mikubwa ya Kongo. Zaidi ya aina 50 za ndege wanaopatikana humo hawaonekani kwingine kokote Tanzania. Mtu aliyemaliza Usambara yote na Udzungwa yote, akija hapa anaanza daftari upya.

"Jamii ya misonobari ni ya Wazungu, na kama upo wa kwetu, basi ni wa milima ya baridi."

Si kweli mara mbili. Podo ni ndugu wa misonobari na ni mti wetu wa asili. Fundi seremala anaujua kwa ubao wake: rangi ya manjano hafifu, nyuzi zilizonyooka, vifundo vichache. Ni kweli kwamba Watanzania wengi huuona milimani. Lakini podo wa Minziro umesimama kwenye mita kama 1,150 juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko kwenye mita 1,134 hivi. Maana yake ni kwamba mti wa mlimani unaota karibu usawa mmoja na maji ya ziwa, tena kwenye ardhi inayofurika mto Kagera ukijaa.

Ukiuona kwa karibu hutausahau. Gome lake hubanduka vipande vipande, majani ni membamba na magumu, na badala ya koni kavu kama ya msonobari unakuta kitu cha duara kama gololi kubwa, chenye nyama juu na kokwa ngumu ndani. Ndege na popo hula nyama hiyo na kuzisambaza mbegu. Pembeni yake yupo jirani yake mkubwa, Baikiaea insignis, mwenye maua makubwa meupe na maganda ya mbao ambayo yakikauka hupasuka kwa kishindo.

Podo alifikaje bondeni? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ni masalia ya zama za baridi. Wakati huo hali ya hewa ilikuwa ya ubaridi na ukavu, na Ziwa Victoria lenyewe lilikauka miaka kama 15,000 hadi 17,000 iliyopita. Joto liliporudi, podo wengi walibaki juu milimani, na hawa wakabaki ziwani. Bahati mbaya ubao mzuri una maadui: podo ya Minziro imekatwa sana na wapasua mbao, kwa kibali na bila kibali, na imevushwa mpaka. Vigogo vikubwa vilivyobaki vinastahili kulindwa kuliko mti mwingine wowote mkoani.

"Mvua ya Bukoba inaletwa na misitu."

Nusu kweli, na nusu iliyo kubwa ni ya ziwa. Bukoba hupata mvua ya milimita kama 2,000 kwa mwaka. Ukienda ndani kuelekea Karagwe au Biharamulo, kiasi hicho hushuka karibu nusu. Hesabu ya miti haiwezi kueleza tofauti hiyo. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo ukatoka nchi kavu kuelekea ziwani, ukakutana na upepo wa mashariki uliobeba unyevu wa ziwa zima. Mawingu hujengeka juu ya maji, na alfajiri husukumwa magharibi. Ndiyo maana mtu wa Bukoba huamshwa na radi saa kumi na moja, wakati wenzake wa mikoa mingine wamezoea mvua ya alasiri.

Misitu kunyweshwa na maji ya jirani si jambo la kwetu tu. Kule pwani ya California, Marekani, iko miti iitwayo redwood, mirefu kuliko yote duniani, mingine inapita mita 110. Kiangazi hunywa ukungu wa bahari unaodondoka kutoka kwenye majani yake. Wageni husafiri kutoka mabara yote kwenda kutembea chini yake. Sisi tuna misitu inayonyweshwa na ziwa, na tunaipita tukiwahi mpaka wa Mutukula.

Kwa mtembeaji, funzo la vitendo ni dogo: usianze safari alfajiri kwa mazoea ya Kilimanjaro. Subiri mvua ya asubuhi ipite. Na Aprili, mwezi wa mvua kubwa kuliko yote Bukoba, baki nyumbani.

"Rweya ni ardhi iliyoharibiwa na kizazi hiki."

Si kweli. Njia nzuri za kutembea Muleba, hasa kule juu Kamachumu, hupita zamu kwa zamu kati ya kibanja chenye migomba na kahawa na rweya tupu ya majani. Mgeni akiona ule uwazi hudhani juzi tu palikuwa msitu. Udongo wa rweya ni wa mchanga, umeoshwa na mvua, na rutuba kidogo iliyokuwepo ilihamishiwa kibanjani kwa karne nyingi kupitia samadi na majani ya kutandaza.

Tena shoka la kwanza si la juzi. Katuruka, karibu na Maruku, mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alichimbua mabaki ya tanuru za chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery wakachapisha kwamba wahunzi wa kale wa hapa walikuwa na ufundi wa hali ya juu. Chuma hakiyeyuki bila mkaa, na mkaa hautoki hewani. Na rweya si ardhi ya bure: ndiko yanakotoka majani ya kuezekea na kutandaza, ndiko ng'ombe wanakolishwa, na wakati wa senene kila mtu anakumbuka ni ya nani.

"Kahawa ililetwa na wamisionari."

Arabika, ndiyo. Robusta ni mmea wa misitu ya ukanda huu wa ziwa, na Wahaya, wenyeji wa hapa, walikuwa wakiichemsha, kuikausha na kuitafuna kabla Mjerumani hajafika. Akamwani, buni ya kutafuna unayopewa ukikaribishwa, ni ya zamani kuliko kanisa lolote mkoani.

"Msituni kuna simba."

Minziro, hapana. Simba wako Burigi-Chato, hifadhi ya taifa iliyotangazwa 2019 na inayoshika sehemu ya Muleba. Huko baadhi walihamishwa kutoka Serengeti, na hutembei bila askari mwenye silaha. Minziro jihadhari na siafu. Chomeka suruali ndani ya soksi.

"Marburg iko hewani msituni."

Si kweli, lakini hili nalichukulia kwa uzito. Mlipuko wa ugonjwa huu uliotangazwa tarehe 21 Machi 2023 ulizikumba kata za Maruku na Kanyangereko, ukaua watu 6 kati ya 9 walioupata, na Januari 2025 ugonjwa ukajitokeza tena Biharamulo. Hauambukizwi kwa kupumua hewa ya msituni. Huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au ya maiti. Hifadhi ya kirusi chake ni aina ya popo wa matunda anayelala mapangoni na kwenye migodi. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango lenye popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Kutembea chini ya miti ni salama. Pango lenye popo usiingie, hata kama mwenyeji anakuhakikishia kwamba babu yake alilala humo.

"Ukipotea, fuata maji yatakutoa."

Ushauri wa milimani tena, na kwa Minziro ni ushauri wa hatari. Msitu ni tambarare, maji mengi yametuama, na yanayotembea huenda taratibu kuelekea kinamasi. Hakuna mteremko wa kukuelekeza wala kilele cha kutazamia. Ukifuata maji utaishia kwenye maji.

Kwa hiyo anayetaka kwenda achague kati ya Juni na Agosti, apitie kwanza ofisi ya TFS kwa ajili ya kibali, amchukue kiongozi wa kijiji cha jirani na amlipe vizuri, na viatu vya mlimani aviache nyumbani: hapa kinachofaa ni gambuti.