Wanajuaje Kilicho Chini Bila Kuchimba?

Mzee mmoja wa darasa letu la jioni hapa Ifakara alikuja na swali. Mtu alimfuata shambani akamwambia, "Niuzie shamba lako la mpunga sasa hivi. Chini yake kuna gesi, na Serikali itakutoa bure." Mzee akaniuliza, "Mwalimu, huyu amejuaje? Hata tundu hajachimba!"

Tulilijibu pamoja darasani, nami naliandika hapa ili na wengine wasome.

Chukua pipa la maji. Ligonge kwa vidole kuanzia juu kushuka chini. Penye hewa linalia wazi, penye maji sauti inakuwa nzito. Hujafungua kifuniko, lakini umejua maji yamefika wapi. Wapimaji nao hufanya karibu vivyo hivyo. Huitikisa ardhi kwa baruti kidogo au kwa gari zito. Mtetemo unashuka chini. Ukikuta mwamba wa namna nyingine, sehemu yake inarudi juu kama mwangwi. Vyombo vidogo vilivyopangwa kwa mstari vinausikiliza na kuandika umechukua muda gani.

Bonde letu la Kilombero lilipimwa hivyo mwaka 2013 na 2014 kwa kazi ya kampuni ya Swala, iliyokuwa ikitafuta mafuta. Ilipata picha ya miamba, ikachagua mahali pa kuchimba kisima cha majaribio, pakaitwa Kito. Lakini picha ya miamba si mafuta, wala si gesi.

Baharini kazi ni ileile. Meli inapiga sauti, huku ikivuta nyuma yake kamba ya vyombo vya kusikilizia, urefu wa kilomita kadhaa. Sauti ndani ya maji huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde moja. Haya, hesabu: mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, maji yana kina gani? Wengi darasani walijibu mita 3,000. Walisahau kuwa sauti imekwenda na kurudi! Jibu ni mita 1,500.

Huko chini ya bahari kuna kitu cha ajabu. Ukikanyaga tope la shamba la mpunga, mapovu hutoka. Ndani yake mna gesi ya metheni, itokanayo na majani yaliyooza pasipo hewa. Chini ya bahari zenye kina kirefu, metheni ikibanwa na uzito wa maji na baridi, hushikana na maji ikawa kama barafu. Barafu hiyo ukiiwasha inawaka. Debe lake moja likiyeyuka hutoa gesi ya kujaza madebe kama 160.

Wapimaji huitafuta kwa mwangwi. Pale barafu inapokwisha na gesi ya kawaida kuanza, sauti hurudi kwa nguvu. Mwangwi huo hufuata umbo la sakafu ya bahari, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Ila kivuli hakisemi gesi ni kiasi gani, wala kama itatoka. Wajapani walijaribu baharini kwao Machi 2013. Gesi ilitoka siku 6 tu, mchanga ukaingia kisimani, kazi ikasimama. Hata sisi wenye visima vya kuchimba kwa jembe twaujua ubaya wa mchanga.

Sasa turudi kwa mzee. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inasema mafuta na gesi iliyo ardhini ni mali ya Taifa. Basi anayenunua shamba hanunui gesi. Na shamba likihitajika kwa kazi hiyo, mwenyewe hatolewi bure: ana haki ya fidia ya ardhi na ya mazao yake. Nilimwambia mzee amtake yule mtu aje aseme maneno yake mbele ya serikali ya kijiji.

Mzee hakuuza. Nilimkuta shambani akipalilia mpunga, nikamwuliza habari za mnunuzi. Akacheka. "Tangu nimtajie ofisi ya kijiji, mwalimu, sijamwona tena."