Behewa Kuukuu Si la Kutupwa

Mkazi wa Busia anaijua vyema baiskeli ya bodaboda. Jina lenyewe lilizaliwa huku mpakani, waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo baina ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya. Mwenye baiskeli aliye na busara haitupi fremu kwa sababu ya umri wake. Hubadili mnyororo, raba za breki na gololi za magurudumu, na fremu ile ile ikaendelea kuwalisha watoto wake. Asiye na busara hupaka rangi tu, na akifika kwenye mteremko wa kwanza hujuta.

Ndugu msomaji, habari za mabehewa ya abiria ni hizo hizo.

Mwaka 2020 Kenya ilinunua treni 11 za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, nchini Hispania. Mwezi Novemba mwaka huo zilianza kuwachukua wakazi wa Nairobi na vitongoji vyake. Ziliwezekana kutumika kwa kuwa zilitengenezewa reli yenye upana wa mita moja, sawasawa na reli ya zamani ipitayo Malaba na Tororo hadi Kampala. Desemba 2021 treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu ilirejea, ikitumia mabehewa ya zamani yaliyotengenezwa upya.

Wako waliolalamika kwamba tunaletewa vitu vikuukuu. Lakini swali lililo bora ni hili: je, kazi ya karakana ilifanywa kwa ukamilifu?

Behewa likiingia karakanani, hapana budi kuanza chini. Mwili wake huinuliwa na kutenganishwa na magurudumu. Ukingo wa gurudumu, ambao ndio hulizuia lisitoke relini, hupimwa. Ukiwa umeliwa, gurudumu hukerezwa upya au hubadilishwa. Ekseli huchunguzwa kwa mawimbi ya sauti ili kutafuta nyufa zisizoonekana kwa macho. Kisha hufuata breki na mipira yake, halafu kutu ya sakafu, nyaya za umeme na milango. Viti na rangi huja mwisho. Baada ya hayo yote behewa hujaribiwa njiani kabla ya mama na mtoto wake kuruhusiwa kupanda.

Jambo hili latuhusu sisi wa Tororo na Malaba. Reli yetu ilifika Kampala mwaka 1931, na Tororo ndipo njia ya kaskazini, iendayo Soroti, Lira na Gulu, inapochepukia. Hata hivyo, treni za abiria za Uganda zilisimamishwa katika miaka ya 1990. Desemba 2015 Kampala ilipata tena treni ya abiria hadi Namanve, bali huku kwetu tumebaki kuyatazama mabehewa ya mizigo yakipita.

Askari anayehamishwa kituo anajua hasara yake. Zamani jamaa yake ilisafiri pamoja na kitanda, cherehani na hata kuku katika gari moja la moshi. Leo mke na watoto hubanana ndani ya basi, na vyombo hufuata kwa lori la kukodi, ambalo nauli yake huumaliza mshahara kabla ya kufika.

Basi tusiyadharau mabehewa kwa uzee wake, wala tusidanganywe na rangi mpya. Siku treni ya abiria itakaporudi Tororo, mwananchi asiulize kwanza kama viti ni laini. Aulize habari za magurudumu na breki, na nani aliyezikagua, na lini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa ekseli hauachi nafasi ya kujenga.