Arabika ni ya kwetu, na haitibu malaria

Maswali ya wasomaji wa Juba yamerundikana, na mawili hayaishi: je, kahawa yenye tangawizi, inayochemshwa katika birika la jebena, hutibu malaria? Na je, kahawa ya arabika ilitoka Uarabuni?

La pili kwanza. Yemen waliilima wakaisambaza duniani. Linnaeus akaipa jina la arabica mwaka 1753, na upotofu ukaota mizizi. Mibuni ya mwituni iko nyanda za juu za Ethiopia na hapa kwetu Sudan Kusini, Boma, karibu na mpaka wa nchi hizo mbili. Mtaalamu wa mimea A. S. Thomas aliandika makala kuhusu mibuni ya Boma mwaka 1942. Watafiti waliofika huko mwaka 2012 walikuta misitu yenye mibuni hiyo imepungua kwa moto na mashamba.

Kinachonishangaza mimi ni uzazi wa mti huu. Arabika ni chotara wa spishi mbili za kahawa, robusta na eugenioides, ambazo kila moja ina kromosomu 22. Kwa kawaida chotara wa namna hiyo huwa tasa, kwa kuwa kromosomu za pande mbili hazipatani wakati wa kuunda mbegu za uzazi. Lakini hapa zilijirudufu zikawa 44, kila moja ikapata pacha wake, na mti ukazaa. Tena ua la arabika hujichavusha lenyewe, wakati robusta hutegemea chavua ya mti mwingine. Matokeo yake, arabika za mashambani ni kama watoto wa nyumba moja: ugonjwa unaomwangusha mmoja unaweza kuwaangusha wote. Ndiyo maana wakulima wanalia na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya buni, na kutu ya majani.

Hapo ndipo mibuni ya mwituni inapofaa: mbegu za Boma zilitoa Rume Sudan, aina inayostahimili chulebuni. Kenya iliitumia kuzalisha Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985.

Sasa malaria. Kafeini hukuondolea usingizi, vimelea haiviui. Anayekuuzia unga wa buni kama tiba anakuuzia ucheleweshaji, na malaria kali haisubiri. Ukipata homa, pima, na ukikutwa na malaria umeze dawa mseto na umalize dozi. Na kuhusu kahawa yenyewe, mjamzito apunguze vikombe. Mwenye upungufu wa damu asinywe kahawa pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Ukitaka kujivunia kahawa, acha waganga wa vichochoroni na udai misitu ya Boma ilindwe. Ikiteketea, hakuna duka litakalotuuzia mbegu zake.